Sura ya Tatu: Kuhifadhi Kabla ya Kuuza

Wafanyabiashara wa pwani yetu walipokuwa wakipokeana riale za Maria Theresa katika forodha ya Unguja, enzi za Seyyid Said na za wanawe waliomrithi, hawakuzipokea kwa sababu sultani wao alizitia muhuri wake, maana mwanamke aliyechorwa juu yake alikuwa mtawala wa Austria aliyekwisha fariki zamani, na mwaka uliopigwa upande wake wa pili, 1780, ulibaki ule ule hata kwa riale zilizofuliwa vizazi viwili baadaye. Walizipokea kwa kuwa uzani wa fedha iliyomo ulijulikana, na kwa kuwa kila aliyeishika leo alikuwa na yakini kwamba nahodha wa Maskati, tajiri wa Bombay na mwenye msafara atokaye bara wangeikubali kesho. Yakini hiyo ndiyo iliyoipa sarafu ngeni nguvu katika nchi isiyokuwa yake. Nalitaja jambo hili kwa kuwa mtu anayetaka kuanza biashara ya sarafu za kidijitali aghalabu huambiwa kwamba ameingia katika ulimwengu mpya usio na mfano, ilhali maswali mawili ya kwanza yanayomkabili ni yale yale yaliyowakabili wazee wetu pale forodhani: ni nani atakayeipokea kesho, na leo iko mikononi mwa nani?

Swali la kwanza tumelijadili katika sura iliyotangulia, na hapa yatosha kukumbusha. Mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, ambao hadi leo hawajatambulikana, walitoa waraka wa kurasa 9 tarehe 31 Oktoba 2008, na tarehe 3 Januari 2009 daftari la Bitcoin likafunguliwa, ukurasa wake wa kwanza ukiwa umetiwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kilichohusu serikali ya Uingereza kukaribia kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Daftari hilo halikai katika benki wala katika wizara; nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, huongezewa ukurasa kila baada ya dakika 10 hivi, na jumla ya sarafu zitakazopata kuandikwa humo imewekewa mpaka wa milioni 21, zikitolewa kwa kiasi kinachopungua nusu kila baada ya miaka 4 au karibu na hapo: sarafu 50 kwa kila ukurasa mwaka 2009, na 3.125 tu tangu Aprili 2024. Maarifa haya ni ya lazima, walakini mtu aweza kuyahifadhi yote kwa moyo na bado akapoteza mali yake yote wiki ya kwanza, kwa kutolishughulikia swali la pili.

Waraka ule ulikusudia kumwondoa mshika amana anayekaa katikati ya mtoaji na mpokeaji, yaani benki. Lakini mwanafunzi wa biashara hii, siku yake ya kwanza, hafanyi hivyo hata kidogo. Hupakua programu ya soko fulani la mtandaoni, huandikisha jina lake, hupiga picha ya kitambulisho na ya uso wake, huingiza fedha, hununua, kisha huona tarakimu kwenye kioo cha simu na kuamini kwamba anamiliki sarafu. Kwa hakika anachomiliki ni ahadi. Sarafu zenyewe zimo chini ya funguo za wenye soko, na zile tarakimu ni maandishi ya daftari lao la ndani, ambalo halifungamani na daftari kuu ila kwa uaminifu wao wenyewe. Mshika amana hakuondoka. Amekuja mwingine, na mara nyingi huyu wa pili hana mkaguzi anayejulikana, hana bima ya amana, wala hana ofisi ambayo mteja wa Tanga au wa Kisumu aweza kwenda kugonga mlango.

Khiyana zilizotokana na hali hii si hadithi za vitisho. Soko la Mt. Gox la Tokyo, ambalo kwa wakati fulani lilipitisha sehemu kubwa ya biashara yote ya Bitcoin duniani, lilifungwa Februari 2014 likitangaza kwamba sarafu takriban 850,000 hazionekani, na ingawa 200,000 kati yake zilipatikana baadaye, wateja walikaa miaka mingi mahakamani wakingoja. Soko la FTX, lililokuwa tajiri kiasi cha kununua haki ya kuliweka jina lake juu ya uwanja wa mpira wa kikapu wa Miami, liliomba kufilisiwa tarehe 11 Novemba 2022 baada ya kudhihirika kwamba amana za wateja zilikuwa zimehamishiwa katika kampuni dada na kuchezewa huko. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa Machi 2024 kifungo cha miaka 25. Lakini kisa ninachotaka mwanafunzi akizingatie zaidi ni cha QuadrigaCX ya Canada. Desemba 2018 mwanzilishi wake, Gerald Cotten, alifariki akiwa safarini India, na kampuni ikatangaza kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizijua nywila za hazina, kwa hiyo mali ya wateja, iliyozidi dola milioni 200 za Canada, haifikiki. Watu wakasikitika, wakadhani ni qadari ya Mungu. Kamisheni ya dhamana ya Ontario ilipochunguza, ripoti yake ya mwaka 2020 ilibainisha kwamba hazina ilikuwa tupu tangu zamani, maana mwenye soko alikuwa akifanya biashara kwa sarafu za wateja, akishindwa, na kuwalipa wa jana kwa fedha za wa leo. Wateja wale walikuwa wakiziona tarakimu zao kila siku mpaka siku ile ya mwisho.

Kwa sababu hii nashikilia, dhidi ya walimu wengi wa zama hizi wanaoanza kwa michoro ya bei yenye vijiti vya kijani na vyekundu, kwamba somo la kwanza la biashara hii ni kuhifadhi, na kwamba asiyejua kuhifadhi hana haki ya kujiita mnunuzi seuze mfanyabiashara.

Kuhifadhi kwenyewe hufanywa kwa pochi, ambayo ni programu ya simu au kidude kidogo cha kushika mkononi, na ni lazima kufahamu kwamba ndani ya pochi hamna sarafu. Sarafu zimo katika daftari kuu. Kilichomo katika pochi ni ufunguo wa siri wa kuziamuru ziende kwa mwingine. Ufunguo huo ni tarakimu ndefu mno isiyoweza kukaririwa, kwa hiyo wataalamu waliubuni utaratibu wa kuugeuza kuwa maneno 12 au 24 yanayotolewa katika orodha ya maneno 2,048, na aliye na maneno hayo, kwa mpangilio wake, ana mali yote, hata kama simu imeibiwa au imezama baharini. Orodha ya Kiswahili haimo katika utaratibu huo, na watu wetu aghalabu hupewa maneno ya Kiingereza, jambo lililowaletea wengi taksiri, kwa kuwa mtu huandika neno kama alisikiavyo sikioni na siku ya haja programu hulikataa. Yapasa kulinakili neno herufi kwa herufi, kwa kalamu, ukijua kwamba orodha ya Kiingereza ilipangwa kwa namna ambayo herufi 4 za mwanzo za kila neno zatosha kulitofautisha na mengine yote. Kwa hiyo herufi hizo nne ziandikwe kwa hati isiyo na shaka kabisa.

Usiyapige picha maneno hayo. Simu nyingi siku hizi hupeleka picha zote katika ghala za mtandaoni bila ya mwenyewe kuhisi, na aliyeipata nywila ya barua pepe yako atakuwa ameupata ufunguo wa hazina yako. Usiyatume kwa WhatsApp, hata kwa nafsi yako. Usimpelekee fundi ayachonge katika bamba la chuma, ingawa chuma ni bora kuliko karatasi katika nyumba zetu zenye mchwa na unyevu wa bahari, maana fundi naye ana macho. Nunua vile vyuma vya kugongea herufi, uyagonge mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Weka nakala mbili katika nyumba mbili. Na iwapo mtu atakupigia simu au kukuandikia, akijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya pochi, akasema akaunti yako ina hitilafu na anahitaji maneno yako ili airekebishe, basi mtu huyo ni mwizi, bila ya istithnai yoyote, kwa kuwa hakuna kazi halali duniani ambayo mhudumu wa pochi aweza kuihitajia maneno ya mteja.

Kisha, kabla ya kuingiza hata shilingi, fanya jaribio hili, ambalo ni wachache wanaolifanya. Fungua pochi, nakili maneno, tazama anwani uliyopewa na uiandike pembeni. Halafu ifute programu yote kutoka katika simu, kana kwamba imeibiwa, uipakue upya, na uirejeshe pochi kwa yale maneno uliyoyaandika kwa mkono wako. Ikitokea anwani ile ile, karatasi yako ni sahihi, na mkono wako umejifunza kazi ambayo siku ya fadhaa hautakuwa na wasaa wa kujifunza. Isipotokea, umepata hasara ya dakika chache tu. Lakini James Howells wa Newport, katika nchi ya Wales, ambaye mwaka 2013 diski ya kompyuta yake yenye ufunguo wa maelfu ya sarafu za Bitcoin ilitupwa jalalani, alitumia miaka mingi akiliomba baraza la mji ruhusa ya kulifukua jalala hilo, asiipate.

Sasa twende sokoni. Tumchukue mama muuza mitumba wa Kongowea, mtu mzima mwenye hesabu zake, aliyeweka kando shilingi 13,000 za Kenya ambazo zikipotea zote karo ya watoto na kodi ya nyumba hazitaguswa. Njia iliyo karibu naye ni ile ya kuuziana mtu na mtu, ambayo vijana huiita P2P, ambapo soko la mtandaoni huwakutanisha wenye fedha za M-Pesa na wenye sarafu, nalo likakaa katikati kama mshika rehani. Atakachonunua kwanza aghalabu ni USDT, sarafu iliyofungwa thamani yake na dola moja ya Marekani, kisha kwa hiyo atanunua Bitcoin au nyingineyo. Atatazama orodha ya wauzaji, wala hatamkimbilia mwenye bei ya chini kabisa, bali atasoma ni biashara ngapi amekwisha kuzitimiza, na kwa asilimia ngapi, na tangu lini. Akimchagua mmoja na kubofya, soko huzifungia sarafu za muuzaji ili asiweze kuzitoroshea kwingine, na humwonyesha mama jina na namba ya kulipia, pamoja na saa inayohesabu dakika kurudi nyuma.

Hapa pana mambo yanayotaka macho mawili. Jina litakalojitokeza katika M-Pesa kabla ya kuthibitisha lazima liwe lile lile lililoandikwa sokoni. Likiwa jingine, asilipe, hata kama muuzaji atasema ni namba ya shemeji yake. Akishalipa, asikubali kuombwa kuighairi oda kwa ahadi ya kutumiwa sarafu kwa njia nyingine, kwa kuwa oda ikighairiwa rehani hufunguliwa na sarafu hurudi kwa muuzaji, na fedha zimekwisha kwenda. Asikubali mazungumzo yahamishiwe nje ya soko, maana wasuluhishi wa soko husoma yaliyoandikwa ndani yake tu. Na siku atakapogeuka yeye kuwa muuzaji, asiziachilie sarafu zake kwa kuona ujumbe mfupi wa kwamba fedha zimeingia, kwa sababu ujumbe hughushiwa. Watanzania, ambao kwa miaka wamekuwa wakipokea ule ujumbe wa watu wasiowajua usemao ile hela itume kwenye namba hii, hawahitaji kuhadithiwa jinsi simu inavyoweza kutumiwa kumdanganya mtu mwenye haraka. Aingie mwenyewe katika M-Pesa atazame salio. Na salio likiwa limeongezeka lakini jina la aliyelipa si la mnunuzi, arudishe, maana fedha hizo pengine zimeibiwa kwa mtu wa tatu, na mwenye nazo akilalamika, laini itakayofungiwa ni ya mama.

Baada ya kununua huja kuhamisha, kutoka sokoni kwenda katika pochi yake mwenyewe, na hapo ndipo wageni wengi huangukia. USDT hiyo hiyo hupita katika njia mbalimbali: ipo ya Tron, ambayo anwani zake huanza na herufi T, na ipo ya Ethereum, ambayo anwani zake huanza na 0x, ilhali anwani za Bitcoin huanza na 1, au 3, au bc1. Aliyeituma kwa njia isiyokubaliwa na pochi inayopokea aweza kuipoteza moja kwa moja, na hakuna meneja wa tawi wa kumwendea. Zipo pia programu za uharibifu zinazojificha ndani ya simu, zikingoja mtu anakili anwani, ili mahali pake zibandike anwani ya mwizi. Kwa hiyo baada ya kubandika, herufi za mwanzo na za mwisho zilinganishwe na za asili, na kwanza kitumwe kiasi kidogo, kingojewe kifike, ndipo kifuate kilichobaki. Ada ya safari mbili ni bei ndogo ya usingizi.

Tukifika kwenye biashara yenyewe, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba soko lina bei mbili kila wakati, ya anayetaka kununua na ya anayetaka kuuza, na pengo lililo baina yake ni gharama hata kama haikuandikwa popote. Tuseme yule mama alinunua USDT 100 kwa shilingi 130 kila moja, na siku ile ile wanunuzi wanatoa shilingi 128: akibadili nia na kuziuza, atapata 12,800, amepoteza 200 bila ya bei ya dunia kusogea. Juu ya pengo hilo kuna ada, ambayo katika masoko makubwa ni kama asilimia 0.1 kwa kila kununua na kila kuuza. Ni ndogo machoni, lakini anayeingia na kutoka mara 20 kwa mwezi amekwisha kutoa takriban asilimia 4 ya mtaji wake kabla ya kuuliza kama alipata au alikosa. Anayenunua mara chache na kukaa na alichonunua analipa kidogo kuliko anayehangaika mchana kutwa, na jambo hili wenye masoko hawana sababu ya kulitangaza, kwa kuwa riziki yao imo katika mahangaiko hayo.

Kisha yapo maagizo ya namna mbili. Ukiliagiza soko likununulie kwa bei yoyote iliyopo, utapewa papo hapo, na pengine bei itakuwa mbaya kuliko uliyoiona, hasa kwa sarafu ndogo zisizo na wanunuzi wengi. Ukiliagiza kwa bei uliyoitaja wewe, utangoja, na pengine usipate kabisa. Mwanafunzi ashike hili la pili. Linamlazimisha kuamua bei akiwa ametulia.

Ipo milango mingine katika programu hizo hizo, iliyopambwa kuliko yote, ambayo namsihi mwanafunzi asiifungue: milango ya biashara kwa mkopo, waiitayo leveraji. Mtu mwenye dola 100 huruhusiwa kufanya biashara ya dola 2,000, yaani mara 20, naye hufurahi akifikiri kwamba bei ikipanda asilimia 5 ataongeza mia nyingine. Kweli. Lakini ikishuka asilimia hizo 5, dola zake 100 zote zimekwisha, na soko huifunga nafasi yake lenyewe, tena kabla kidogo ya kufika hapo ili lisipate hasara, wala halimngojei bei irudi. Vijana huliita jambo hili kuunguza akaunti. Bitcoin, ambayo ndiyo tulivu kuliko nyingi ya sarafu hizi, kushuka asilimia 5 kwa siku moja si tukio la ajabu, nayo haifungi soko usiku wala Ijumaa wala Jumapili. Mtu hulala ana mtaji akaamka hana, kisha alfajiri bei ikarejea palepale ilipokuwa jana, akabaki akiitazama. Aliyekosea bila ya mkopo bado ana sarafu zake na aweza kusubiri. Aliyekosea kwa mkopo hana cha kusubiria.

Na kusubiri kwenyewe kwaweza kuwa kurefu. Desemba 2017 bei ya Bitcoin moja ilikaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imezidi 3,000 kidogo tu. Na aliyenunua kileleni alikaa mpaka Desemba 2020 ndipo akaiona tena bei aliyolipa. Novemba 2021 ikafika karibu na 69,000, na Novemba 2022 ikawa chini ya 16,000. Desemba 2024 ikavuka 100,000. Wengi huzisoma tarakimu hizi kwa jicho la ile ya mwisho, wakaona utajiri. Mimi humwomba mwanafunzi azisome kwa jicho la zile za katikati, akajiulize kwa insafu kama mwaka 2018 au 2022, mwana akiwa mgonjwa au kodi ikidaiwa, angeweza kutoiuza. Maana hesabu ya hasara ni kali: mali iliyopungua nusu yahitaji kuongezeka mara mbili ili irudi ilipokuwa, na iliyopungua asilimia 80 yahitaji kuongezeka mara tano. Kwa hiyo anayeingia na fedha za karo ameshindwa kabla hajaanza, hata akiwa na akili kuliko wote, kwa kuwa siku ya kuuza haitachaguliwa na yeye. Itachaguliwa na haja. Bora atenge kiasi kidogo kila mwezi, kile kile, bei ikiwa juu au chini, na kukiingiza bila ya kutazama habari za siku hiyo.

Kuhusu zile sarafu zilizofungwa na dola, ambazo watu wetu huzipenda kwa kuwa shilingi hushuka, zisidhaniwe kuwa ni dola. Ni ahadi za kampuni kwamba ina dola mahali fulani. Mei 2022 sarafu iliyoitwa UST, ambayo haikuwa na dola bali hesabu za kompyuta nyuma yake, iliporomoka pamoja na mwenzake Luna kwa siku chache, mabilioni ya dola yakayeyuka. Machi 2023 hata USDC, yenye akiba ya kweli, ilishuka mpaka karibu senti 88 kwa kuwa dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa katika Silicon Valley Bank iliyoanguka, ingawa ilisimama tena baada ya siku chache.

Hayo ni masoko ya kweli na hatari zake. Mbali nayo yapo yasiyokuwa masoko kabisa. Watanzania wanaikumbuka DECI, ambayo mpaka iliposimamishwa na serikali mwaka 2009 iliwaita maelfu ya watu kupanda mbegu na kuvuna, mavuno ya wa kwanza yakiwa ni mbegu za waliofuata. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, ilikuwa ni hiyo hiyo katika vazi la kidijitali: haikuwa na daftari la wazi hata kidogo, bei yake iliandikwa na wenye kampuni walivyotaka, na iliuzwa mpaka Uganda, kwa watu waliouza mashamba na mifugo. Mwenyewe alitoweka Oktoba 2017, na mwaka 2022 FBI ikamtia katika orodha ya watoro 10 wanaotafutwa zaidi. Alama za ulaghai wa namna hii hazibadiliki toka enzi mpaka enzi: faida iliyoahidiwa kwa asilimia maalumu kila wiki, malipo kwa kumleta mwingine, na ugumu unaoanza siku ya kutaka kutoa. Kundi la Telegram linalotangaza signali za uhakika, na mwalimu anayetaka umtumie mtaji ili akufanyie biashara, wamo humo humo. Biashara ya kweli haina mtu anayejua bei ya kesho, na angekuwapo asingehitaji shilingi elfu kumi zako.

Wasomaji wengi wa pwani watauliza kuhusu sharia, nao wana haki, maana mali isiyo na radhi haina baraka kwa anayeamini hivyo. Maulamaa hawakuafikiana. Shawki Allam, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa Januari 2018 ya kuharimisha, akitaja gharari na madhara. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Novemba 2021, liliharimisha kuzitumia kama fedha lakini likaacha nafasi ya kuziuza kama bidhaa zikitimiza masharti yao. Na baraza la ushauri wa sharia la mamlaka ya dhamana ya Malaysia lilikwisha kuruhusu biashara yake mwaka 2020. Muumini amwendee shekhe wake akiwa na maelezo kamili ya anachotaka kukifanya, kwa kuwa kununua na kuhifadhi ni jambo moja, na leveraji yenye riba na kubahatisha ni jambo jingine, na anayeyachanganya katika swali atapewa jibu lililochanganyika.

Serikali nazo zimetembea polepole. Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi Desemba 2015, na ya Tanzania ikatangaza Novemba 2019 kwamba hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ya Tanzania ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu hizo. Kodi ilifika kabla ya leseni: Tanzania kwa Sheria ya Fedha ya 2024 iliagiza kuzuiwa asilimia 3 ya malipo ya kuhamisha mali ya kidijitali, Kenya ilitoza asilimia 3 tangu Septemba 2023, kisha mwaka 2025 ikaifuta na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hao chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hiyo kila kununua na kila kuuza kuandikwe: tarehe, kiasi, bei kwa shilingi, ada, na namba ya muamala wa M-Pesa. Daftari la shule lenye mistari latosha.

Limebaki jambo ambalo vijana hawapendi kulizungumza. Benki mteja wake akifariki, warithi huenda na cheti cha kifo na barua ya mahakama, na mali hutoka. Sarafu iliyo katika pochi haina wa kuendewa, na maneno yakifa na mwenyewe, fungu la mjane na la mayatima limekufa pia. Basi pamoja na hati za nyumba iwekwe karatasi nyingine, isiyokuwa na maneno ya ufunguo, inayoeleza kwamba mali hiyo ipo, ni ya aina gani, imo katika pochi gani, nakala za maneno zimehifadhiwa nyumba zipi mbili, na ni jamaa gani mwaminifu anayejua namna ya kuirejesha. Na jamaa huyo aketishwe angali mwenye mali hai, apewe pochi ya majaribio yenye shilingi chache, aifute na airejeshe kwa mkono wake mwenyewe, mpaka aweze bila ya kuelekezwa.